Usalama wa Barua Pepe: Barua Isiyo na Lakiri

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi katika bwalo la shule. Inachapishwa hapa kwa ombi la Kamati.)



Naziona hapa nyuso nyingi nilizoziacha zikiwa chini ya nywele nyeusi, na leo nywele hizo ni nyeupe kama sufi. Nawapa pole waliosafiri kutoka mbali, na wale tuliowapoteza tangu mkutano uliopita, Mungu awalaze mahali pema.

Kamati ilinitaka niseme juu ya maendeleo ya mawasiliano. Hilo ni shamba kubwa mno kwa jembe la mzee mmoja. Nimechagua kipande kidogo tu: programu za barua pepe na nyufa zilizomo ndani yake. Ninayo sababu. Leo mchana tutajadili pendekezo kwamba shughuli zote za chama chetu, yaani taarifa, orodha ya wanachama, michango, na hata maagizo ya kumlipa fundi wa matangi ya maji ya mvua, zifanywe kwa barua pepe. Mimi naliunga mkono pendekezo hilo. Lakini kabla hatujanyoosha mikono, ni haki tujue ni chombo cha namna gani tunachokikabidhi fedha za chama. Matangi hayo ni maji ya kunywa ya wanafunzi hawa walioketi mbele yetu. Fedha hizo zikipotea njiani, hakuna atakayewaletea nyingine.

USALAMA SI JAMBO GENI KWETU

Sisi watu wa Masasi na Newala hatuhitaji kufundishwa maana ya usalama na mtu wa mbali. Wazee wetu walipanda juu ya uwanda huu wa Makonde wakijua kabisa kwamba juu hakuna mito. Walikimbia wafanya biashara ya watumwa na mashambulio ya vita. Misitu minene ya uwanda iliwaficha, lakini maji yalibaki chini bondeni, na mama zetu waliyateka kwa miguu, wakishuka na kupanda ukingo na mitungi kichwani. Hata wamisionari waliofungua kituo cha Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, waliposhambuliwa mwaka 1882, walihamia Newala.

Ndugu zangu, nalitaja jambo hili kwa sababu lina fundisho. Usalama una bei yake, na bei hiyo aghalabu ni usumbufu. Wazee wetu walilipa bei ya kutembea mbali kutafuta maji ili walale salama. Sisi leo tunapenda barua pepe kwa sababu haina usumbufu wowote. Basi tujiulize: ikiwa sisi hatulipi bei yoyote, ni nani anayeilipa, na ataidai lini?

POSTA ILIVYOFANYA KAZI, NA BARUA PEPE INAVYOFANYA

Baadhi yenu mnakumbuka kwamba mimi nilianza kazi katika Posta na Simu, kabla ya shirika hilo kugawanywa mwaka 1994. Katika posta tulikuwa na taratibu ambazo vijana walitucheka kwazo. Barua iliwekwa ndani ya bahasha, na bahasha ikagongwa mhuri wenye jina la posta na tarehe. Mifuko ilifungwa kwa kamba na kutiwa lakiri, na karani wa Newala alipopokea mfuko kutoka Masasi aliitazama lakiri kwanza kabla ya kukata kamba. Barua yenye kitu cha thamani ilipelekwa kwa rejesta, na kila aliyeishika aliweka sahihi yake.

Sasa tazameni barua pepe. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, fundi wa Kimarekani, alituma ujumbe wa kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa njia ya mtandao, naye ndiye aliyeichagua ile alama ya @. Mwezi Agosti 1982 Jon Postel alichapisha kanuni zinazoitwa SMTP, ambazo ndizo msingi wa kupeleka barua pepe mpaka leo. Mtandao wa siku zile ulikuwa wa vyuo vikuu, maabara na ofisi chache ambazo watu wake walijuana, kama kijiji ambacho hakuna anayefunga mlango. Basi kanuni zile hazikuweka lakiri. Kompyuta inayopeleka barua inasema, "Barua hii imetoka kwa fulani," na kompyuta inayopokea inaandika hivyo hivyo, bila kuuliza hati wala sahihi. Kwa asili yake barua pepe ni kadi ya posta: kila aliye njiani aweza kuisoma, na yeyote aweza kuandika nyuma yake jina lolote apendalo.

Hilo ni pengo la desturi yenyewe. Lakini kuna pengo la pili lililo baya zaidi, nalo limo ndani ya programu. Karani wa posta hufanya kazi moja: hupeleka barua. Haisomi barua na kutii yaliyomo. Kama bahasha ingeandikwa juu yake, "Karani, fungua sefu umpe mchukuzi wa barua hii fedha zote," karani angecheka na kumwita polisi. Programu ya kompyuta haijui kucheka. Ikitengenezwa vibaya, hutii. Ukiyafahamu haya mawili, yaani barua isiyo na lakiri na karani anayetii bahasha, umekwisha kufahamu sehemu kubwa ya historia ninayotaka kuwasimulia.

KARANI ANAYETII BAHASHA

Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, jina lake Robert Morris, aliachilia katika mtandao programu iliyojizalisha yenyewe kama funza. Njia mojawapo iliyotumiwa na funza yule ilikuwa programu ya kupeleka barua iitwayo Sendmail. Watengenezaji wa Sendmail walikuwa wameacha mlango wa kujaribia kazi, na katika mitambo mingi mlango huo haukufungwa. Aliyeujua aliweza kuiandikia barua anwani ambayo haikuwa ya mtu bali ilikuwa amri, na mtambo ukatekeleza. Inakadiriwa kwamba kompyuta zipatazo 6,000 zilikwama, wakati mtandao wote ulikuwa na zipatazo 60,000. Morris alishitakiwa, akahukumiwa mwaka 1990 kifungo cha nje cha miaka mitatu, faini na kazi za jamii.

Mtu angedhani dunia ilijifunza. Mwaka 2019, yaani miaka 31 baadaye, wataalamu wa kampuni ya Qualys waligundua ufa katika Exim, programu nyingine ya kupeleka barua inayotumiwa sana duniani. Ugonjwa ulikuwa ule ule: anwani ya mpokeaji ikiandikwa kwa namna fulani, mtambo uliifanya kuwa amri na kuitekeleza kwa mamlaka ya msimamizi mkuu. Hapa nawaomba msikilize tarehe kwa makini. Toleo la Exim lisilo na ufa huo lilikuwa limekwisha kutolewa mwezi Februari 2019. Habari za ufa zikatangazwa mwezi Juni. Mwezi Mei 2020 idara ya usalama ya Marekani, NSA, ilitangaza kwamba kikosi cha ujasusi wa jeshi la Urusi kilikuwa kikiutumia ufa huo tangu Agosti 2019. Maana yake ni kwamba walioingiliwa walikuwa na dawa mezani tangu miezi sita kabla ya mwizi kuanza kazi, nao hawakuinywa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi hii kiraka hutolewa bure, lakini ukuta hujengwa kwa fedha za wenye mali.

Safari nyingine dawa huja ikiwa imechelewa. Tarehe 2 Machi 2021 kampuni ya Microsoft ilitoa viraka vya dharura kwa ajili ya Exchange, mtambo wa barua unaotumiwa na ofisi nyingi kubwa. Ufa mkuu miongoni mwa zile zilizozibwa uligunduliwa na mtaalamu wa Taiwan ajulikanaye kama Orange Tsai, wa kampuni ya DEVCORE, ambaye aliipasha Microsoft habari mapema Januari. Mtambo ulidanganywa ukaamini kwamba ombi la mgeni limetoka kwake wenyewe, kama mlinzi anayefungua geti kwa sababu mtu wa nje ameigiza sauti ya bwana mwenye nyumba. Wadukuzi waliingia bila neno la siri, wakasoma barua na kuacha milango ya siri ya kurudia. Makumi ya maelfu ya mashirika yaliathirika duniani, wakiwamo Bunge la Norway na Mamlaka ya Mabenki ya Ulaya. Wengi waliweka kiraka wakashangilia, kumbe mwizi alikwisha kuingia na amelala darini. Nalo ni fundisho: kufunga mlango hakumtoi aliye ndani. Ni lazima nyumba ipekuliwe.

UFA ULIO MIKONONI MWA MSOMAJI

Hayo ni ya mtambo unaopokea barua. Sasa tuje kwenye programu unayosomea wewe mwenyewe mezani au kwenye simu yako.

Wazee mtakumbuka tarehe 4 Mei 2000. Kutoka Manila, Ufilipino, ilitokea barua yenye kichwa kinachosema kwa Kiingereza kwamba nakupenda. Ndani yake kulikuwa na kiambatisho kilichojifanya barua ya mapenzi. Jina la faili hilo lilimalizika kwa herufi "vbs", maana yake ni programu, lakini Windows ya siku zile ilificha herufi za mwisho, hivyo msomaji aliona herufi "TXT" tu, yaani maandishi matupu. Aliyefungua alikuwa ametoa amri bila kujua. Programu iliharibu mafaili yake, kisha ikachukua kitabu cha anwani katika Outlook na kumtumia barua hiyo hiyo kila aliyeandikwa humo. Kwa siku chache iliingia katika mamilioni ya kompyuta, na Bunge la Uingereza lilibidi lifunge barua pepe zake. Kijana aliyeitengeneza, Onel de Guzman, hakufungwa, kwa kuwa Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo siku ile.

Watu wengi walitoka katika kisa hicho na kanuni moja: usifungue kiambatisho usichokijua. Kanuni hiyo ni njema, nami naisisitiza. Lakini si kinga kamili. Mwezi Machi 2023 Microsoft iliziba ufa katika Outlook ambao haukumhitaji mtu afungue chochote. Mwizi alituma ujumbe wenye kikumbusho cha mkutano, na ndani yake akaandika kwamba sauti ya kengele ya kikumbusho hicho ipatikane katika kompyuta fulani ya mbali, ambayo ni yake. Outlook, kwa utiifu wake, ilikwenda kuichukua sauti, na huko ikajitambulisha kwa kutoa alama ya siri ya mwenye sanduku. Mwenyewe pengine alikuwa anakunywa chai. Wataalamu wa Ukraine ndio waliougundua ufa huo, kwa sababu ulikuwa ukitumiwa dhidi yao.

Mfano mwingine unatuhusu zaidi. Shule, vyama na ofisi ndogo ndogo hununua nafasi ya bei nafuu kwa kampuni za kuhifadhi tovuti, na katika bei hiyo hupewa barua pepe. Aghalabu programu ya kusomea barua hizo ni Roundcube. Mwezi Oktoba 2023 kampuni ya ESET ilitangaza kwamba wadukuzi wametumia ufa wa Roundcube dhidi ya ofisi za serikali za Ulaya. Ilitosha mtu aione barua katika kivinjari. Ndani ya barua mlikuwa na picha iliyobeba amri, na kivinjari kikatii na kuanza kuzipeleka barua zake kwa mwizi. Tena mwezi Juni 2025 ukatangazwa ufa mwingine wa Roundcube uliokuwa umelala humo zaidi ya miaka kumi bila kutambuliwa. Miaka kumi, ndugu zangu! Watoto walioingia darasa la kwanza ufa ukiwapo, wamefika kidato cha tatu ungali upo.

MAMBO HAYA HAYAKO ULAYA TU

Pengine mtu atasema kimoyomoyo, "Hayo ni ya wakubwa, nani atapanda mpaka Newala kutafuta barua zetu?" Basi tutazame jirani. Mwezi Mei 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba wizara na idara za serikali ya Kenya zilikuwa zimeingiliwa kwa muda wa miaka kadhaa, na kwamba mlango wa kwanza ulifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2019 wakati mtumishi mmoja alipopakua hati yenye sumu. Kwa habari hiyo, wadukuzi hao walifika hata kwenye mtambo wa barua pepe za maofisa, kuanzia Desemba 2022 hadi Februari 2023. Reuters ililitaja kundi la Kichina. Serikali ya China ilikana kabisa, na serikali ya Kenya nayo haikuikubali habari hiyo. Mimi si hakimu wa shauri lao. Nachukua funzo tu: wizara yenye mafundi na walinzi yaweza kusumbuliwa kwa hati moja iliyofunguliwa na mtumishi mmoja.

Tena mwezi Mei 2024 wataalamu wa kampuni ya Palo Alto Networks walieleza juu ya kundi lililokuwa likiingia katika mitambo ya Exchange ya serikali za Mashariki ya Kati, Afrika na Asia, likipekua masanduku ya barua kwa kutafuta maneno fulani fulani. Nyufa lililozitumia ni zile zile za mwaka 2021, zilizokwisha kupatiwa viraka miaka mitatu nyuma.

Na kwa vijijini? Hapa kila mwenye simu amepata kupokea ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Aliyeutuma hajui jina lako wala hajali Newala iko wapi. Hutupa wavu, naye husubiri. Programu zinazotafuta mitambo yenye nyufa hufanya vivyo hivyo: hupita mlango mmoja baada ya mwingine duniani kote, usiku na mchana, na hazisomi kibao cha jina mlangoni. Kuwa mdogo si kujificha.

FEDHA ZA KOROSHO, NA FEDHA ZETU

Nitatoa mfano wa kubuni, lakini kila hatua yake hutokea kweli duniani. Tuseme ni msimu wa korosho. Mzigo umo ghalani, stakabadhi zimeandikwa, mnada umekwisha, na mnunuzi yuko India au Vietnam. Barua zinakwenda na kurudi kati ya ofisi ya hapa na mnunuzi. Mwizi ameingia katika sanduku la barua la ofisi moja, ama kwa ufa wa programu, ama kwa neno la siri alilolinasa. Haibi kitu siku hiyo. Anaweka kanuni ndani ya sanduku ili kila barua yenye neno "malipo" imfikie nakala, kisha anakaa kimya kwa majuma, akijifunza nani anaandika kwa nani, kwa salamu zipi, na kwa lugha gani. Siku ankara inapotakiwa, naye anaandika, ndani ya mfululizo ule ule wa barua, kwa salamu zile zile: "Tafadhali akaunti yetu imebadilika, lipeni katika hii." Mnunuzi analipa kwa moyo mweupe. Wakulima wanangoja. Baada ya siku kumi kila upande unamtuhumu mwenzake.

Wizi wa namna hii ni mkubwa. Ofisi ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilipokea malalamiko ya hasara ya dola zipatazo bilioni 2.9 kwa mwaka 2023 peke yake, na hayo ni ya walioripoti huko tu.

Sasa ondoeni neno korosho, wekeni matangi ya maji. Ondoeni mnunuzi, wekeni Mweka Hazina wetu. Ondoeni ofisi ya chama, wekeni fundi wetu anayedai awamu ya pili. Mnaona kwamba mfano haubadiliki hata kidogo.

TUFANYE NINI?

Ndugu Mwenyekiti, sikuja kutisha watu warudi kwenye tarishi na baiskeli. Nakuja na mapendekezo matano, na naomba yaingizwe katika maazimio ya mchana.

Kwanza, tusijenge mtambo wetu wenyewe wa barua. Najua kuna kijana wetu hodari aliyejitolea kuuweka, nami nampongeza kwa moyo wake. Lakini mtambo wa barua ni kama ng'ombe wa maziwa: haulishwi siku ya sherehe tu. Unahitaji mtu wa kuuwekea viraka kila vinapotolewa, Jumapili na sikukuu, mwaka baada ya mwaka. Exchange za matoleo ya 2016 na 2019 zenyewe ziliachwa na watengenezaji wake mwezi Oktoba 2025, na anayeendelea kuzitumia bila mpango maalumu wa viraka anakaa nyumba isiyo na fundi. Tutumie huduma ya mtoaji mkubwa ambaye kazi yake ni hiyo kila siku.

Pili, tutie lakiri. Dunia imekwisha kutunga njia za kuziba lile pengo la mwaka 1982, nazo huitwa SPF, DKIM na DMARC. Ya kwanza hutangaza ni mitambo ipi yenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina letu. Ya pili huigonga barua mhuri usioweza kughushiwa. Ya tatu humwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyopita mtihani huo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huwadai mambo hayo watumaji wa barua nyingi. Kuyaweka ni kazi ya saa chache. Lakini kumbukeni: lakiri yathibitisha kwamba barua imetoka katika mitambo yenye ruhusa ya kutuma kwa jina letu, haithibitishi kwamba aliyelishika sanduku ni mwenyewe.

Tatu, kwa hiyo sanduku la chama liwe na kufuli mbili: neno la siri refu lisilotumika mahali pengine popote, na uthibitisho wa pili kwa simu au kifaa. Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina kila mmoja awe na sanduku lake, wala wasigawane neno moja la siri kama ufunguo unaotundikwa nyuma ya mlango.

Nne, kila programu isasishwe mara kiraka kinapotoka, katika kompyuta na katika simu. Nawajua wazee wenzangu: ujumbe wa kusasisha ukija, tunabonyeza "baadaye", kwa kuogopa kumaliza bando. Katibu apewe fedha ya bando kwa kazi hiyo. Ni gharama ndogo kuliko tangi moja.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: fedha zisitoke kwa barua pepe peke yake. Agizo lolote la malipo, na hasa la kubadili namba ya akaunti, lithibitishwe kwa sauti, kwa kupiga namba ya simu tuliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo. Kisha viongozi wawili watie sahihi. Itachukua siku moja zaidi, na fundi atanung'unika. Mwacheni anung'unike. Hiyo ndiyo bei niliyoisema, na ni nyepesi kuliko mtungi wa maji kichwani.

Hata mtambo wote ukidukuliwa, pendekezo la tano litatuokoa. Mengine manne yanampunguzia mwizi nafasi. La tano linamnyima faida.

NENO KWA WANAFUNZI

Nanyi wadogo zangu, nisikilizeni kidogo kabla kengele ya chakula haijalia.

Mkimaliza kidato cha nne na cha sita mtaandikiwa barua nyingi: za vyuo, za mikopo, za ajira. Nyingine zitakuwa za uongo, zikidai ada ya fomu. Itazameni anwani ya mtumaji herufi kwa herufi. Ofisi ya serikali yetu huandika kutoka anwani inayoishia na .go.tz, nayo haiwezi kukuomba neno lako la siri. Mkipata ujumbe wa simu wa utapeli, upelekeni kwa Mamlaka ya Mawasiliano kwa namba 15040. Msione haya kumwuliza mwalimu. Mwenye kuuliza hapotei njia.

Pili, najua wako miongoni mwenu wenye akili za kuchokonoa. Mwenye kupenda kujua kufuli inavyofanya kazi si mwizi. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema wazi kwamba kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa, hata kama hukuchukua kitu. Tazameni watu wawili niliowataja. Morris aliuona ufa akautumia, akaishia mahakamani. Orange Tsai aliuona ufa akawaambia wenye mtambo, na leo anaheshimiwa duniani. Akili ilikuwa moja. Njia zilikuwa mbili.

Nchi yetu ina haja ya watu wa njia hiyo ya pili. Tunayo Tz-CERT chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, inayoshughulikia matukio ya namna hii. Tunayo Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023. Vyombo hivyo haviwezi kukaliwa na watu wa mbali siku zote. Sioni kwa nini asikalie mmoja wenu, aliyesoma hesabu katika madarasa haya haya, chini ya miembe hii hii. Msidanganywe kwamba kazi hiyo huanza na kompyuta ya fahari. Huanza na tabia ya kusoma kitu pole pole na kujiuliza: je, mtu mbaya akiandika hapa jambo nisilolitazamia, nini kitatokea? Waliotengeneza Sendmail na Exim walikuwa mabingwa, na swali hilo liliwapita. Pengine halitakupita wewe.

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha. Naliunga mkono pendekezo la Kamati la kutumia barua pepe, pamoja na masharti matano niliyoyataja, na naomba ikiwa mkutano utaliona gumu hilo la tano, basi mnipe nafasi ya kusimama tena.